Ngoma za Isukuti kwa klabu ya shule: tununue zipi, na nani atufundishe?

Mwalimu wa Muziki, Kisumu

Mulembe kwenu nyote. Ninafundisha muziki katika shule moja ya upili hapa Kisumu, na klabu yetu imeamua kuandaa Isukuti, ngoma ya kuimba na kucheza ya Waisukha na Waidakho, Waluhya wa upande wa Kakamega, kwa ajili ya mashindano ya muziki ya shule. Wanafunzi wengi ni Wajaluo, wapo Waluhya kutoka Vihiga na Kakamega, wapo pia Wakisii na Wanubi wachache, lakini hakuna hata mmoja aliyelelewa katika nyumba ya wapiga ngoma. Shule imetenga fedha za kununua seti moja ya ngoma tatu, yaani kubwa, ya kati na ndogo, na hapo ndipo maswali yalipoanza.

Muuzaji mmoja mjini ametuonyesha ngoma zilizowambwa ngozi ya ng'ombe, zikapakwa vanishi na kuchorwa bendera ya taifa. Mwingine, ambaye tumezungumza naye kwa simu tu, anashikilia kwamba ngoma isiyowambwa ngozi ya kenge si Isukuti, na yuko tayari kutuletea za kenge kwa bei iliyo karibu maradufu. Mzazi mmoja naye anasema tusipoteze fedha, bali tukate mabomba makubwa ya plastiki, tuyawambe wenyewe, na majaji hawatajua.

Ningependa kusikia kutoka kwa watu wanaoishi na ngoma hizi. Ni mti upi na ngozi ipi inayofaa? Je, wasichana wanaruhusiwa kupiga, au kazi yao ni kuimba na kucheza tu? Na je, ni halali sisi ambao si Waisukha wala Waidakho kuipeleka jukwaani? Tunapanga pia kuweka meza ya kazi za mikono kutoka pande hizo siku ya wazazi, kwa hiyo ushauri kuhusu vyungu na mavazi utatufaa.

Mchongaji wa Shinyalu

Mwalimu, mulembe muno. Nimezaliwa upande wa kusini wa msitu wa Kakamega, na baba yangu alichonga ngoma kabla yangu, kwa hiyo nitajibu yale ya mti na ngozi na kuwaachia wengine uchezaji.

Huyo wa simu amesema nusu ya ukweli. Ngoma za zamani ziliwambwa ngozi ya kenge, na sababu ilikuwa sauti: ngozi hiyo ni nyembamba lakini ngumu, hukaza vizuri ikikauka, na hutoa mlio mkali unaosikika mbali uwanjani hata watu wakiimba kwa nguvu zote. Ngozi ya ng'ombe mzima ni nene, na ukiiweka kwenye ngoma ndogo utapata mlio wa kufifia. Nusu aliyoinyamazia ni kwamba kenge ni mnyamapori, na chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 kuwa na ngozi yake au kuifanyia biashara bila kibali ni kosa. Anayekuuzia kwa simu hatakuwapo siku afisa atakapouliza shule imeipata wapi. Hali ni hiyohiyo kwa pembe ya swala inayopulizwa pamoja na ngoma, na kwa kofia za ngozi ya mbega ambazo baadhi ya vikundi huvaa. Pembe ya ng'ombe iliyotobolewa vizuri itawatosha.

Mimi siku hizi nawamba ngoma ndogo na ya kati kwa ngozi ya mbuzi, na kubwa kwa ngozi ya ndama. Ngozi hulowekwa mpaka ilainike, manyoya yakaparuzwa, kisha huvutwa juu ya mdomo wa ngoma ikiwa bado mbichi na kukazwa kwa vigingi vidogo vya mti vinavyopigwa kuzunguka ukingo. Baada ya hapo hukaushwa kivulini. Ukiianika juani mara moja ili mteja asisubiri, itavuta upande mmoja na kung'oa vigingi.

Sasa mti. Tunaoupenda hapa ni mukumari, ule ambao wataalamu huuita Cordia africana. Ukiwa mbichi huchongeka kwa tezo na patasi bila kukusumbua, na ukikaushwa polepole haupasuki ovyo. Gogo hutobolewa kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha ngozi huwekwa upande mmoja tu na upande wa pili huachwa wazi, kwa sababu ngoma hii hubebwa kwa mkanda begani, ikabanwa kwapani na kupigwa kwa viganja. Unene wa ukuta wake ndio unaomtenganisha fundi na mtu mwenye patasi. Ukuta mnene sana humchosha mpigaji na kumeza sauti. Mwembamba sana hupasuka kiangazi cha Januari.

Watu wa mbali hudhani kwamba kwa kuwa tunaishi kando ya msitu, miti ni ya bure. Msitu wa Kakamega ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, sehemu ya kaskazini, Buyangu, ikawa hifadhi ya taifa ya wanyamapori mwaka 1985, na huku kusini usimamizi ni wa idara ya misitu. Kukata mti humo bila leseni ni kosa, na tangu marufuku ya ukataji ya mwaka 2018 hata wale waliokuwa wakijaribu bahati yao wamepungua. Magogo yetu hutoka mashambani mwa watu. Mukumari wenye upana wa kutoa ngoma kubwa umekaa shambani miaka mingi, na kwa mwenye nao huja kwanza fundi wa viti na meza, ambaye hununua mti mzima na kulipa siku hiyohiyo. Mimi nataka kipande kimoja cha shina, na nalipa mteja wangu akilipa. Basi ukisikia bei ya ngoma imepanda, usifikiri ni ngozi.

Kuhusu zile za vanishi, usizikatae kwa sababu ya bendera. Mwombe muuzaji akuruhusu kutazama ndani kwa tochi. Ukiona alama za patasi na nyuzi za mti zinazoendelea bila kukatika, ni gogo moja. Ukiona mistari ya gundi, ni vipande vilivyounganishwa. Zipigeni zote tatu kwa pamoja hapo dukani, mkiwa watatu. Ngoma hizi ni seti, hulinganishwa sauti tangu zinapotengenezwa, na seti iliyokusanywa kutoka kwa wauzaji watatu husikika kama watu watatu wanaozungumza kwa wakati mmoja bila kusikilizana.

Mwamuzi Mstaafu, Kakamega

Namshukuru Mchongaji, kwani ameniondolea kazi. Nami nimeamua mashindano ya muziki ya shule kwa miaka mingi, na nina wasiwasi mmoja kuhusu swali lako, Mwalimu: umeuliza mambo mengi kuhusu ngoma na hukumtaja mwimbishaji. Shule nyingi huja na ngoma nzuri na safu zilizonyooka, kisha mwimbishaji anaimba beti alizokariri bila kuelewa maana yake, na yote yaliyobaki yanakuwa mazoezi ya viungo.

Katika Isukuti mwimbishaji ndiye anayeongoza. Anaimba mstari, wengine wanaitikia, ngoma zinamjibu, na wachezaji, wanaume safu yao na wanawake safu yao, wanafuata hatua kulingana na anachosema na kasi anayoitaka. Kijijini huwa anatazama aliyefika. Akimwona mjomba wa bwana harusi anaingia uani, atamtaja, atataja ukoo wake, atamtania kuhusu ng'ombe aliyechelewa kuleta, na mjomba huyo atalazimika kucheza au kutoa kitu. Ngoma huchezwa mtoto anapozaliwa, wakati wa jando, harusini, matangani, katika sherehe za kanisa, michezoni, na alfajiri fahali wanaposindikizwa kwenda kupigana Khayega au Malinya, na kila tukio lina maneno yake. Nimewahi kuona kikundi cha shule kikiingia jukwaani kwa wimbo wa harusi na kutoka kwa wimbo wa matanga, huku wachezaji wakitabasamu vilevile. Wazee waliokuwa ukumbini walitazamana.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, tafuteni mtu wa kuwafundisha kuimba. Ni afadhali fedha za ngoma moja zimlipe mwimbishaji mzee kutoka Isukha au Idakho aje kwenu mara kadhaa, nanyi mwazime ngoma kwa muda.

Kuna jambo ambalo watu hulitaja kwa fahari isiyo mahali pake. UNESCO iliiorodhesha ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho mwezi Novemba 2014, lakini orodha yenyewe ni ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu zilizotolewa zinajulikana na kila mtu hapa: wenye ujuzi wengi ni wazee na hawana warithi, vifaa vya kutengenezea ala na mavazi havipatikani kirahisi, watunzi wanafuata muziki wa kibiashara unaolipa, na watazamaji wenyewe wanapendelea burudani za kisasa. Kuorodheshwa hakukuleta mukumari hata mmoja shambani. Nasema hivyo bila kudharau, kwa kuwa angalau kumefanya maafisa wa utamaduni wawe na jambo la kutetea bajeti inapogawanywa.

Mashindano ya muziki ya kitaifa, ambayo yalianza mwaka 1927, yamefanya kazi kubwa ya kuwafikisha watoto wa Kenya kwenye ngoma za jirani zao, na hilo siwezi kulipinga kwa kuwa nimelishuhudia. Lakini jukwaa hutoa dakika chache, na dakika chache hulazimisha mwalimu kupanga kila hatua mapema, na hatua zikishapangwa mwimbishaji hana la kuamua. Ushauri wangu ni huu: mwachieni sehemu fupi katikati ambayo hakuna aliyeipanga, hata kama ni sekunde thelathini, aimbe anachokiona ukumbini. Majaji wenye masikio wataitambua.

Kuhusu wasichana, desturi ya zamani iliwapa wanaume ngoma na pembe, na wanawake nyimbo, njuga na uchezaji wa mabega, ambao mimi nauona kuwa mgumu kuliko kupiga. Siku hizi katika shule za wasichana ni wao wanaopiga, na ngoma haijaanguka. Mkimleta mzee awafundishe, mwambieni mapema, asije akashtukia hapohapo. Wengine watakubali, wengine watanuna kisha watafundisha.

Na kuhusu uhalali, Sheria Namba 33 ya mwaka 2016, inayolinda maarifa na sanaa za jadi, inaitambua jamii kuwa mwenye mali, na kusudi lake kubwa ni kuzuia watu kuchuma faida bila ridhaa ya jamii hiyo. Kwa maoni yangu, klabu ya shule inayojifunza kutoka kwa wenyewe na kuwataja haimnyang'anyi mtu. Mkianza kurekodi na kuuza, au kukodishwa harusini kwa malipo, hapo nendeni mkakae na wazee kwanza.

Mpiga Ngoma, Nakuru

Salamu kutoka Nakuru. Mzee Mwamuzi amesema mengi ya kweli, ila nina neno kuhusu hao "wanaofuata kinacholipa", kwa sababu mimi ni mmoja wao. Kikundi chetu ni cha vijana wa Kiluhya waliozaliwa huku Bonde la Ufa, na tunapiga harusini, kwenye mikutano ya hadhara na kanisani. Anayetukodi hutaka robo saa ya kumwingiza bibi harusi, kisha muziki wa spika unachukua nafasi yake. Robo saa hiyo ndiyo inayofanya kijana wa Nakuru ajifunze nyimbo ambazo baba yake alizisahau. Asingelipwa, angekuwa anaendesha bodaboda Jumamosi hiyo.

Wanaosema kwamba ngoma iliharibiwa na fedha wanasahau kwamba kabla ya fedha iliwahi kukabiliana na Injili. Wamishonari wa Friends, yaani Waquaker, walifika Kaimosi mwaka 1902, na Wakatoliki wakafungua misheni ya Mukumu mwaka 1906, na kwa miongo mingi Mkristo mwema hakupaswa kuonekana akiwa na ngoma kwapani. Ni baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, miaka ya 1960, ndipo ngoma ilipoanza kuzoeleka katika misa, na leo huku kwetu mavuno hayatolewi bila hiyo. Ngoma yetu imezoea kufukuzwa na kurudi.

Mabomba ya plastiki siyadharau pia. Tunayo ya mazoezi. Hayalowi, hayapasuki, na mwanafunzi akiliangusha hakuna anayelia. Viganja vinajifunza midundo vilevile.

Mwamuzi Mstaafu, Kakamega

Kijana wangu wa Nakuru, sikukulenga wewe, na robo saa yako naiheshimu. Watunzi niliokuwa nikiwafikiria ni wale waliohama kabisa. Kuhusu plastiki tunakubaliana kwa mazoezi. Jukwaani sitaikubali, na huyo mzazi wa Kisumu aelewe kwamba majaji watajua kabla mlango wa ukumbi haujafungwa: plastiki hupiga kelele ya juu kisha hukatika, nayo ngoma ya mti huacha mvumo chini ya mlio. Mvumo huo ndio mchezaji anaoukanyagia.

Binti wa Ilesi

Mwalimu, ukija Kakamega kutoka Kisumu kwa barabara ya Chavakali na Khayega, utapita kwetu Ilesi, na vyungu utaviona kando ya barabara kabla hujaona kibao. Mama na shangazi zangu hufinyanga, nami nauza.

Kwa meza yenu ya maonyesho nawasihi msinunue vyungu vya maua peke yake. Hivyo ndivyo vinavyotulisha siku hizi, pamoja na vigae vya ndani vya majiko, kwa sababu sufuria na madumu ya plastiki yamechukua kazi ya vyungu vya kupikia na mitungi ya maji. Ombeni chungu cha mboga, kile chenye mdomo mpana ambacho mrenda hupikwa humo, ombeni mtungi, na mkiweza ombeni chungu kikubwa cha busaa, pombe ya kienyeji, ambacho wazee walikizunguka kwa mirija mirefu wakati Isukuti ikichezwa uani. Shuleni kitakaa kitupu, bila shaka. Hata hivyo, mtoto akikiona karibu na ngoma ataelewa kwamba vitu hivi vilikuwa katika sherehe moja.

Waelezeni wanafunzi kazi ilivyo. Udongo huchimbwa, hukandwa na kuondolewa vijiwe, kisha mfinyanzi huanza na kitako na kupandisha misokoto ya udongo, akiisawazisha kwa mkono uliolowa. Hatumii gurudumu. Mapambo ya shingoni hutokana na kamba iliyosokotwa inayoviringishwa juu ya udongo ukiwa bado na unyevu. Chungu hukauka polepole kwa siku kadhaa, kisha huchomwa pamoja na vingine mahali pa wazi, vikifunikwa kwa kuni na nyasi kavu. Kwetu mvua hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ikinyesha ghafla moto ukiwa umewaka, vyungu vingi hupasuka na kazi ya wiki nzima huishia hapo. Tatizo la kuni ni lilelile alilolieleza Mchongaji kuhusu gogo: hatuingii msituni, tunanunua, na kuni zikipanda bei mnunuzi wa barabarani hataki kusikia.

Mkinunua, gongeni chungu kwa kidole. Kilichoiva hulia. Kinachonyamaza hakikuiva, au kina ufa usioonekana. Kuhusu mavazi, marinda ya katani yanatosha na hayana kesi na mtu yeyote.

Mwalimu wa Muziki, Kisumu

Nawashukuru sana, wazee wangu na dada yangu wa Ilesi. Huyo wa kenge nimemwambia asitupigie tena. Nimezungumza na mwalimu mkuu, na amekubali kwamba sehemu ya fedha imlipe mwimbishaji, nasi tuanze mazoezi kwa mabomba huku tukisubiri ngoma za mti. Mzee Mchongaji, ungependekeza tuagize lini ikiwa tunataka ngoma ziwe tayari kabla ya muhula wa pili, na je, tuje kuzichukua au tuzitumiwe kwa matatu?

Mchongaji wa Shinyalu

Msitume mtu wala matatu. Njooni wenyewe, na mje na wanafunzi wale watakaozipiga, kwa sababu urefu wa mkanda na unene wa ngoma ya kwapani hupimwa kwenye mwili wa mpigaji. Ngoma niliyomtengenezea mtu mzima wa Shinyalu itamshinda msichana wa kidato cha pili kabla wimbo haujafika katikati.

Ngoma ndogo na ya kati naweza kuanza sasa, kwani nina vipande vya mukumari vilivyokauka kivulini tangu mwaka jana. Kubwa sitaahidi tarehe mpaka nipate gogo. Kuna jirani mwenye mti unaofaa, lakini fundi wa meza ameshauzungukia, kwa hiyo mkiweza kutuma malipo ya awali wiki hii, nitakwenda kwake kabla ya Jumapili. Mkizipokea, msizihifadhi juu ya sakafu ya saruji, na siku ya mvua zisogezeni karibu na moto wa majani makavu kwa dakika chache kabla ya kupiga, ngozi ikiutazama moto kutoka mbali, mpaka sauti irudi.

Mwimbishaji nitawatafutia. Yupo mmoja upande wa Ikolomani ambaye bado sauti yake ni nzima, ila hapendi simu. Itabidi niende nikamwone.